Pilling na Tochi ya Kumaliza Dunia

"Nipeni pauni mia mbili, niwamalizie dunia. Ongezeni mia, nitairudisha kabla ya chai!"

Maneno hayo aliyatoa Edgar Pilling mwaka 1975 katika ukumbi wa maktaba ya Croydon, mbele ya watu mia moja na arobaini waliokuja kumsikiliza, na mmoja aliyeingia kukwepa mvua. Ukumbi ukaangua kicheko. Gazeti la mtaa likayachapa maneno yale kwa herufi nene, chini ya picha ya Pilling amefumba jicho moja kama mbuzi aliyepuliziwa moshi. Pilling alipendezwa mno. Alikikata kipande kile cha gazeti, akakibandika kwenye mlango wa jokofu lake.

Mkewe, Muriel, alikisoma huku akimenya viazi.

"Edgar," akasema, "iko siku mtu atakupa hizo pauni."

"Nani huyo mwendawazimu?"

"Mtu asiyejua utani. Wapo wengi, mpenzi. Aghalabu ni mabosi."

Pilling alicheka, akala viazi vyake, akalala usingizi wa pono. Angejua, angeling'oa lile gazeti na mlango wake.

Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na sita, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mtayarishaji wa Zamu ya Zohali, tamthilia ya televisheni ya kila Jumamosi jioni, juu ya kikosi cha wanaanga wanaoilinda dunia wakiwa kwenye pete za sayari ya Zohali. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: Pilling hakujua Zohali iko upande gani wa mbingu. Nyota alizitazama pale tu alipotaka kujua kama achukue mwavuli. Ndege aliziogopa hata zikiwa chini. Likizo zake zote alikwenda Blackpool kwa treni, na njiani bado alishika kiti.

Alizaliwa Rochdale, mtoto wa fundi majeneza na wa mama mmoja aitwaye Hilda, ambaye sifa zake zilivuka mitaa mitatu. Hilda alikuwa akifua karatasi za kufungia nyama, akazianika kwenye kamba pamoja na soksi, kisha akazipiga pasi zirudi kazini. Ukila chungwa kwake, maganda unamwachia. Mtoto aliyelelewa na mama wa namna hiyo ana njia mbili: awe mlafi au awe mtayarishaji wa televisheni. Vitani Edgar alipewa kazi ya kuwachezea askari maigizo kule Misri, akatengeneza shamba zima la minazi kwa mifagio ya chooni. Jenerali mmoja alisimama kuipigia saluti.

Ile Zohali yenyewe aliipata kwa sababu ya mkate. Mwaka 1964 mkuu wa idara ya maigizo aliwakusanya watayarishaji wake, akauliza nani anataka tamthilia ya mambo ya anga. Wote wakatazama viatu vyao. Pilling hakuwamo, alikuwa amerudi kantini kuchukua mkate wa pili wa zabibu. Alipoingia, makombo yangali kwenye tai, akauliza, "Nimekosa nini?"

"Hujakosa," mkuu akamjibu. "Umepata Zohali."

Akaishika kama mama yake alivyoshika karatasi za nyama. Katika miaka kumi na mmoja, kikosi chake kilitua kwenye sayari kumi na tisa, na zote zilikuwa machimbo yaleyale ya kokoto huko Surrey, mwendo wa saa moja kwa basi la kazini. Mlinzi wa machimbo alikuwa na mbwa mweupe asiyesikia la mtu, akaonekana kwenye sayari sita tofauti. Watoto waliandika barua kumsifu yule mbwa wa ulimwengu mzima. Mazimwi yalitengenezwa kwa trei za mayai na chupa za sabuni ya vyombo. Nguo za chuma za wanaanga Muriel alizifuma kwa kamba nene za katani, kisha zikapuliziwa rangi ya fedha, na wanaanga wakajikuna kutoka sehemu ya kwanza hadi ya mwisho.

Lakini usimcheke Pilling ukamaliza kicheko chote, bakiza kidogo. Kila Jumamosi, saa kumi na mbili kasorobo jioni, mtu huyu alivaa koti lake akatoka kutembea mtaani kwake peke yake. Muziki wa Zamu ya Zohali ulianza kusikika kwenye dirisha la nyumba ya kwanza, ukampokea kwenye ya pili, ukamfuata kwenye ya tatu, mpaka mwisho wa barabara. Hakuna mtoto nje. Hakuna mpira. Hata paka walitulia. Pilling alitembea katikati ya ukimya ule kama mwenye shamba anayekagua mahindi, akageuka, akarudi nyumbani kunywa chai. Huo ndio uliokuwa mshahara wake. Ule wa benki alimpa Muriel.

Basi mwaka 1976 ukaja, na pamoja nao akaja mkuu mpya wa idara, Rupert Wainfleet, kijana wa miaka thelathini na minne, mwenye shahada mbili na viatu visivyo na mkunjo hata mmoja. Alimwita Pilling ofisini. Juu ya meza kulikuwa na kitu kimoja tu: kipande cha gazeti la Croydon.

"Maneno haya ni yako?"

Pilling akavaa miwani, ingawa hakuihitaji. "Yalikuwa masihara ya ukumbini, bwana."

"Mia mbili kumaliza, mia moja kurudisha. Jumla mia tatu." Wainfleet alikuwa anaandika. "Sehemu ya mwisho ya msimu huu dunia inakwisha, halafu inarudi, sivyo? Nimekuwekea mia tatu."

"Bwana Wainfleet, kwa mia tatu siwezi kumaliza hata Croydon."

"Ulisema mwenyewe. Tena mbele ya watu."

"Kama ni hivyo, niliwahi pia kusema mbele ya watu kwamba nitampenda Muriel mpaka kufa, na hakuna aliyeniandikia bajeti."

Wainfleet hakucheka. Muriel alikuwa ameshaona mbali. Mkuu mpya akaweka kalamu chini, akatoa masharti yake kama mtu anayesoma orodha ya nguo za dobi. Studio siku moja tu, Ijumaa. Ovataimu hakuna, na hilo lilikwishaandikwa na kutiwa sahihi. Kufika saa nne kamili usiku, mkanda uwe umejaa na tamthilia imekwisha. Isipokwisha, Zamu ya Zohali ndiyo basi tena, na ile saa ya Jumamosi jioni itachukuliwa na mashindano ya vishale.

"Vishale?" Pilling alidhani amesikia vibaya. "Wale wazee wa baa wanaolenga ubao?"

"Watu wanawapenda."

"Watoto wanyamaze mtaa mzima kumwangalia mzee mwenye kitambi akirusha kishale?"

"Vishale, Pilling, havihitaji kufumiwa nguo."

Pilling alitoka pale bila hata kupitia kantini. Mdomo ulikuwa umemponza, na sasa mwili ulitakiwa kulipa. Ili kuokoa fedha akaamua kuiongoza sehemu ile mwenyewe, asilipwe mwongozaji. Akaipanga Ijumaa ile dakika kwa dakika, kwa penseli, kwenye karatasi ambayo upande wa pili ilikuwa imeshatumika.

Sasa, saa nne usiku katika studio za London haikuwa saa kama saa nyingine. Ikifika, mafundi umeme walizima taa. Si saa nne na sekunde. Baa iliyokuwa ng'ambo ya barabara ilifunga saa nne na nusu, na fundi umeme wa Kiingereza ni mtu mpole kabisa isipokuwa umguse kwenye nusu saa hiyo. Ungeweza kuwa katikati ya busu, katikati ya ubatizo, katikati ya kumuua mfalme: taa zilizimwa, na mfalme angengoja wiki nyingine afe.

Hata hivyo Ijumaa ilianza vizuri. Mpaka saa mbili usiku yalikuwa yamebaki maonesho mawili tu. La kwanza: Jemadari Thora, mkuu wa kikosi, anabonyeza kitufe chekundu na kuiaga dunia kwa hotuba ya dakika tatu, na dunia inakwisha. La pili: dunia imerudi, Jemadari anakunywa chai bustanini. Jemadari Thora alikuwa ni Constance Vyner, bibi wa miaka sitini na tisa, mfupi, mwenye sauti ya kuweza kuvunja kioo akitaka, ambaye siku za mapumziko alifuga kobe.

Saa tatu kasorobo Percy Mudge, mkuu wa watu wa vifaa, akaingia amelibeba bakuli kama mpambe aliyebeba taji. Lilikuwa bakuli la plastiki la kugandishia jeli, limegeuzwa chini juu. Akalikaza katikati ya meza ya Jemadari. Ndani yake mlikuwa na tochi, kioo chake kimefunikwa karatasi nyekundu ya peremende. Hicho ndicho kilikuwa kitufe cha kumaliza dunia.

Reg Duckett, mwakilishi wa chama cha mafundi umeme, akateremka ngazi taratibu.

"Percy. Nini hicho?"

"Bakuli."

"Ndani ya bakuli."

"Tochi."

"Inawaka?"

"Reg, tochi isiyowaka inaitwa rungu."

"Basi ni yetu."

"Yenu kwa ndoa ipi? Nimeinunua mimi, kwa fungu la vifaa. Risiti hii hapa."

"Hata kama umeinunua Yerusalemu. Kitu chochote kinachong'aa humu ndani, ukiacha upara wa Bwana Pilling, ni cha mafundi umeme."

"Ina waya? Imechomekwa ukutani?"

"Jua nalo limechomekwa ukutani?"

Percy akafikiri. "Jua si la chama chenu."

"Bado," akasema Reg.

Mtu asiyekaa na watu hawa ataona wanataniana. Thubutu! Humo studioni kila kitu kilikuwa na wenyewe, kama mashamba ya ukoo. Kinachoshikwa mkononi ni cha Percy. Kilichopigiliwa misumari ni cha maseremala. Kinachowaka ni cha Reg. Na asiye mwenyewe hagusi, hata kiwe kinamwangukia. Mwaka uliopita kiti cha magurudumu kilisimamisha kazi kutwa nzima, watu wakibishana kama ni samani au ni chombo cha usafiri, na aliyekuwa amekikalia alikatazwa kushuka mpaka uamuzi utoke.

Tochi iliyokazwa kwenye bakuli lililokazwa kwenye meza, basi, ilikuwa kesi ngumu. Robo saa ikapita. Nusu saa ikapita. Pilling alikuwa juu kwenye chumba cha kuongozea, akiwatazama kwenye vioo sita vya televisheni, Reg sita na Percy sita wakinyoosheana vidole. Saa tatu na dakika ishirini uvumilivu ukamwishia, akateremka ngazi kwa magoti yake mabovu.

"Mabwana, mabwana! Jambo dogo hili. Constance ataishika tochi mkononi, basi. Kitu cha mkononi ni cha Percy. Tumemaliza."

Na hapo, mtu wa miaka kumi na miwili katika kazi ile, mtu aliyejua kila mpaka wa kila shamba, akafanya ambalo hata mfagiaji mgeni asingelifanya. Akaling'oa bakuli. Akaitoa tochi. Na ili ahakikishe kwamba ni nzima, akaiwasha.

Pua yake ikageuka nyekundu. Studio nzima nyundo zikashuka, mtu mmoja juu ya ngazi akavua kofia.

"Bwana Pilling amewasha," akasema Reg, kwa sauti ya chini kabisa.

"Ni tochi tu, Reg!" Pilling akaizima haraka, na hapo akaongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

"Menejimenti imewasha taa. Menejimenti imezima taa."

"Nilikuwa naijaribu!"

"Hata Adamu alikuwa anaonja tu," akasema Reg. Akageuka, akapiga makofi mawili. "Jamani! Mkutano!"

Watu arobaini wakaweka vitu chini, wakaenda nyuma ya pete za Zohali kufanya mkutano. Hata Percy alikwenda, maana bakuli lake lilikuwa limeng'olewa na mtu asiye na haki ya kung'oa. Pilling akabaki na saa ya ukutani. Mshale wa dakika ulikuwa ukienda kama umepakwa mafuta.

Constance Vyner alikuwa kwenye kiti chake cha ujemadari, akijimiminia chai kutoka kwenye chupa yake.

"Kaa, mpenzi. Unanizungusha kichwa."

"Constance, ikifika saa nne bila mkanda kujaa, sisi ni vishale."

"Nimesikia. Kobe wangu naye amesikia, nilimwambia jana." Akapuliza chai. "Mwaka arobaini na moja nilicheza malkia kule Plymouth. Mabomu yanaanguka, taa zikazimika tukiwa sehemu ya tatu ya mchezo. Tukamaliza kwa mshumaa wa bawabu. Unajua watazamaji walifanya nini?"

"Walishangilia?"

"Walibaki. Kwenye kazi yetu, mpenzi, hakuna kushangilia kunakozidi kubaki." Kisha akashusha sauti. "Ila nikuambie kitu. Ile hotuba, ukurasa wa pili... haukai kichwani. Tangu asubuhi unanikimbia kama kuku."

Pilling akashika upara wake kwa mikono miwili.

Saa tatu na dakika arobaini na nane mkutano ukarudi. Reg akasoma maazimio kutoka kwenye pakiti ya sigara. Moja, Bwana Pilling aombe radhi hadharani. Mbili, tochi itawashwa na fundi umeme, ambaye atamkabidhi mtu wa vifaa, ambaye atamkabidhi mwigizaji. Tatu, ikishawashwa, hakuna atakayeizima isipokuwa fundi umeme.

"Na ovataimu, Reg? Dakika kumi tu. Nakusihi, kaka."

Reg akatikisa kichwa, na lazima isemwe kwamba hakufurahi. "Bosi wako amekataa kwa maandishi. Wajukuu zangu wanakitazama hiki kipindi, bwana, yule mdogo ana picha ya mbwa ukutani. Lakini maandishi ni maandishi. Haya, omba radhi, muda unakwenda."

"Mimi, Edgar Pilling, nimewasha tochi isiyo yangu..."

"Na kuzima."

"...na kuzima. Naomba radhi."

"Sema sitarudia."

"Sitarudia."

"Na bakuli," akasema Percy.

"Samahani na kwa bakuli!"

Basi ikafuata ibada. Reg aliiwasha tochi, akaiinua watu waione, akampa Percy kwa mikono miwili. Percy akamkabidhi Constance kwa mikono miwili. Pilling aliipanda ngazi akitweta, akaanguka kwenye kiti chake chumbani juu zikiwa zimebaki dakika nne. Onesho la bustani hakulitaja hata mtu. Akaagiza mkanda uanze. Mkanda wenyewe ulizunguka huko chini, orofa ya ardhini, mikononi mwa bwana mmoja asiyeonekana, ambaye hakuanza wala kusimama mpaka apigiwe simu.

"Twende!"

Constance akaanza. Alikuwa mzuri, we! Aliiaga bahari, akaiaga milima, akawaaga wachinjaji na wauza samaki. Ukurasa wa kwanza ukapita kama siagi kwenye mkate wa moto. Ukaja ukurasa wa pili, na Pilling akauona ule uso kwenye vioo vyote sita, ukitafuta. Kuku alikuwa amekimbia.

Mshale ukagusa saa nne.

Kwenye spika alisikika Reg, mnyonge kidogo lakini bila kutetereka: "Saa nne, jamani." Na taa zote za studio zikazimika kwa mpigo mmoja.

Kwa desturi, hapo mtu mwingine huwasha taa ndogo za kufanyia usafi. Mtu huyo, baada ya kusimama mkutanoni muda mrefu, alikuwa na kiu, na alishavuka barabara. Wapiga picha walivua vifaa vyao vya masikioni na kutoka wakipapasa, wakiziacha kamera zimeelekea palepale. Mlango ukabamizwa. Pilling akakaa gizani mbele ya vioo vyeusi. Akawaza, basi, vishale. Akawaza kutembea mtaani Jumamosi jioni na kusikia dirisha hadi dirisha kelele za wazee wa baa. Hakukumbuka kupiga simu kule chini, na asiyepigiwa simu hakusimama.

Pembeni yake alikaa fundi wa kusawazisha picha. Yeye alikuwa wa chama kingine kabisa, kisicho na ugomvi na tochi ya mtu, na baada ya saa nne alikuwa na robo saa yake nzima ya kufunga mitambo.

"Bosi," akasema, "pale mbona kuna kitu?"

Akafungua lenzi mpaka mwisho. Picha ikajaa chenga kama mchanga, na katikati ya mchanga ule kikaonekana kitu chekundu, kikapanda, kikawa uso. Tochi ilikuwa bado inawaka, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuizima. Constance Vyner alikuwa ameiinua chini ya kidevu, anajaribu kuona.

"Mmekwenda wote?" akauliza.

Hakuigiza. Aliuliza kweli, kama bibi yeyote aliyeachwa peke yake mahali penye giza na nyaya nyingi. Sauti yake ikatembea studio nzima ikarudi mikono mitupu.

"Hakuna hata mmoja?"

Akageuka huku na huku. Mwanga mwekundu ukapita kwenye makunyanzi yake, kwenye kamba za Muriel zilizopakwa fedha.

"Haya," akasema. "Mimi nabaki kidogo."

Akakaa. Akaitazama tochi mkononi, akakumbuka kwamba bado ina kazi kesho, maana na yeye alilelewa na mama wa enzi zile.

"Tusimalize betri," akasema, akaizima.

Fundi wa picha alikuwa ameacha mdomo wazi. Pilling ndiye aliyenyoosha mkono, polepole, akapiga simu kule chini. "Simamisha," akasema.

Jumatatu Wainfleet alimwita asubuhi na mapema.

"Hukumaliza."

"Nimemaliza, bwana. Dunia imekwisha. Kuna kumaliza kuliko huko?"

"Ilitakiwa irudi!"

"Hilo ni la msimu ujao."

"Hakuna msimu ujao!"

"Basi haitarudi," akasema Pilling, akakunja mikono juu ya tumbo. Alikuwa amejifunza kukunja mikono kwa Reg.

Wainfleet angependa kuutupa ule mkanda, lakini vishale vilikuwa haviko tayari mpaka Septemba, na Jumamosi ilikuwa na shimo la dakika ishirini na tano lisilozibika. Ukarushwa. Na ile Jumamosi Pilling hakuthubutu kutoka nje kutembea. Alikaa jikoni na Muriel, taa imezimwa, kama watu waliofiwa. Mtaa ulikuwa kimya. Kipindi kikaisha, na bado ukawa kimya. Dakika nzima. Kisha dirisha la jirani likafunguliwa na mtoto akalia kwa sauti yote aliyopewa na Mungu: "Mamaaa! Yule bibi kabaki na nani?"

Barua zilikuja kwa magunia. Kasisi mmoja wa Norwich alilalamika kwamba dunia imekwisha bila kutajwa Mungu, akauliza itaendelea lini. Mtoto wa Hull alitaka kujua kama kuna haja tena ya kufanya hesabu za shule. Wazee wasiopungua mia tatu waliandika kumkaribisha Constance aje akae kwao. Gazeti kubwa likasema halijapata kuona ujasiri kama huo katika televisheni, na Pilling, Mungu amsamehe, alimwambia mwandishi wake kwamba lile giza alilipanga kwa miezi mitatu.

Reg Duckett alilisoma gazeti hilo akiwa baa. Kesho yake barua ya chama ikatua mezani kwa Wainfleet: giza lililosifiwa lilikuwa kazi ya mafundi umeme, na katika misimu yote ijayo giza lisifanywe na mtu mwingine. Wainfleet akakubali. Zaidi ya hapo, chama kikataka kujua juu ya giza la pili, lile la tochi, lililofanywa na mwigizaji kinyume cha azimio la tatu. Percy akajibu kwamba giza linalotoka kwenye kitu cha mkononi ni la watu wa vifaa. Kamati ikaundwa. Imekaa mara tatu.

Zamu ya Zohali ikapewa msimu mwingine. Vishale vikapelekwa Jumatano.

Mwaka uliofuata maktaba ya Croydon ikamwalika Pilling tena. Safari hii watu walisimama hadi kwenye ngazi. Muriel aliketi mstari wa mbele, mkoba mapajani, macho hayabanduki usoni mwa mumewe. Kijana mmoja akainuka nyuma, akauliza: mwaka ule ulisema pauni mia mbili, je, kwa kweli kuimaliza dunia kuligharimu kiasi gani?

Pilling akavuta pumzi, kifua kikajaa, jicho moja likaanza kufumba. Muriel akakohoa.

Jicho likafumbuka. Pilling akaingiza mkono mfukoni, akatoa risiti ya Percy iliyokunjwa mara nne, akavaa miwani, akaisoma.

Tochi ilikuwa peni themanini na tano. Betri mbali.